Chapati za Maji za Jumanne Kabla ya Majivu

Nekesa mama,

Kwanza ujue hii hadithi watu wote wanaiharibu. Kato, yule dereva Mganda ninayeishi naye hapa Riyadh, anasema siku ile nilikula kondoo mzima peke yangu. Uongo, ilikuwa nusu. Shangazi yako huko Bungoma anasema nilitoroka na gari la bosi kwenda kumwona mama yako na polisi wakanikimbiza mpaka Taif. Hakuna mtu amewahi kunikimbiza kwa barabara, mimi ndio huwa nakimbiza. Halafu kuna Rozi, rafiki ya mama yako, yule aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya pili kutoka yake kule Jeddah. Rozi naye ako na yake. Huyo ndiye amenifanya nishike kalamu. Kesho unapanda ndege, kesho kutwa uko Jeddah, na Rozi atakutafuta, na hataanza na salamu. Kwa hivyo soma hii kabla hujamsikiliza. Nataka uisikie kwangu.

Nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwa simu. Herufi zikitembea upande uvumilie. Nilimaliza darasa la tatu, na hilo lenyewe nilimaliza kwa sababu mwalimu alichoka na mimi.

Mambo ya pasipoti, sijui vipimo vya hospitali, sijui uvae nini uwanja wa ndege, hayo ajenti amekuambia na umeyashika kuliko mimi. Siyagusi. Wala sitakuomba tena usiende. Nimekuomba wiki tatu na umenijibu kitu kimoja tu, "Baba, si ni wewe ulikuwa unasema huko ni kuzuri?" Nikanyamaza. Na unajua mimi kunyamaza ni mpaka daktari aandike.

Ni kweli, ni mimi. Ulikuwa mdogo, nikipiga simu nakuambia mtaa wa Olaya hapa Riyadh kuna majengo marefu mpaka mawingu yanazunguka kando. Juzi juzi tena nikakuambia wameleta treni inayoenda bila dereva, na kabla ya kuianzisha walikuja kuniuliza mimi kama ni sawa. Ulicheka mpaka ukaangusha simu. Sikukuambia hayo majengo nayaonea kwa kioo cha gari nikimsubiri madam, mke wa bosi, saa nne nzima kwa joto, mkojo umenibana na hakuna mahali pa kuacha gari. Hiyo haikuwa na utamu, nikaiacha. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikikutumia utamu tu. Sasa umeshiba, unaufuata huo utamu unakotoka, na mimi sina neno la kukuzuia. Maneno yote nilishayatumia kukuvuta.

Na wewe si wa kwanza.

Mama yako alipopata ile kazi ya Jeddah hakukimbilia kutia sahihi kama wewe. Selina alikuwa mtu wa kuuliza. Alinipigia akaniuliza, "Jeddah na hapo ulipo ni mbali?" Mimi nikiwa hapa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwa chumba cha dereva kando ya geti, nikamwambia ni kama kutoka Bungoma kwenda Webuye. Nikamwambia jioni ukimaliza vyombo utanibipu, nitakuja na gari, tutakunywa chai.

Nekesa, nilikuwa nimeendesha hiyo barabara mara sita. Ni kilomita karibu elfu moja. Ukitoka alfajiri unafika jua likizama, na katikati yote ni jangwa, macho yanakosa mahali pa kushika. Nilijua vizuri. Nilisema vile kwa sababu nilichoka kula peke yangu. Nilitaka awe upande huu, popote pale, hiyo nyingine tungeisuluhisha mbele.

Alijua ukweli siku ya kwanza, kwa kumuuliza dereva aliyemchukua uwanja wa ndege. Akanipigia usiku huo huo. "Baba Nekesa, kwani Webuye imehama?" Mimi nikacheka. Nilidhani ni mchezo wetu ule wa siku zote. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo miaka miwili tuliongea habari yako na habari ya ng'ombe, basi. Nikianza stori anasema, "Nina kazi." Mtu anakuambia ana kazi mara mia mbili, na unajua mara mia moja hapo ameketi tu, anaangalia ukuta.

Sasa unakumbuka ile Jumanne ya kwa nyanya yako, mama yake mama yako. Siku moja kabla ya Majivu. Mayai yote ya wiki yanawekwa pamoja, maziwa hayauzwi, mafuta yanakombwa mpaka chini ya mkebe, kwa sababu kesho yake Kwaresima inaingia na nyumba ya nyanya yako haikuruhusu hata harufu ya nyama mpaka Pasaka. Kuku anachinjwa, firigisi ni ya babu, na mimi mkwe nimekaa hapo nikiiangalia firigisi kama mbwa wa jirani. Halafu zile chapati za maji, unga na yai na maziwa, zinamiminwa kwa kikaango mpaka giza linaingia.

Ile ya kwanza huwa inashika na kuraruka. Haikosi. Na nyanya yako hakuwa anaitupa. Aliyekosewa katika nyumba anaichukua hiyo iliyoraruka, anampelekea aliyemkosea, na yule anaila yote mbele ya watu, bila chai. Akishameza imeisha. Hakuna wa kulitaja hilo jambo tena. Usipokula, unaingia nalo Kwaresima yote, siku arobaini, na mwenzako vile vile. Nyanya yako hakuwa anacheka na hiyo. Mjomba wako mdogo alikataa kula ya mke wake kwa sababu ya jogoo mmoja, na mpaka leo watu hao wakikaa pamoja jogoo anafufuka.

Sasa Kwaresima hii iliyopita mambo mawili yakagongana. Ramadhani na Majivu zikaelekea kuangukia siku moja. Sisi huku hatuna kanisa, tunasali chumbani kwetu watu watano, sauti chini, majivu tunachoma jani la mtende kwa mkebe. Kwa hivyo mwaka huo tukasema angalau mji mzima utafunga na sisi. Na madam wangu kwao ni Jeddah, na watu wa Jeddah wana kitu wanaita shaabana. Siku za mwisho kabla ya Ramadhani ukoo mzima unarudi kwa mama yao, wanapika, wanaimba, watoto wanapiga kelele, wanakula kama watu wanaoagana na chakula. Mara ya kwanza kuiona nilisema hawa ni watu wa nyanya Nekesa kabisa, wamepotea tu njia.

Jumatatu madam akatoka nje akaniambia, "Yalla, Wanyonyi, Jeddah. Mama anatungoja." Mimi na yeye na watoto gari la mbele, Kato na bosi gari la nyuma. Nikampigia Selina tukiwa kituo cha kwanza cha petroli. Nilidhani atasema ana kazi. Akaniuliza, "Jumanne utakuwa hapa?"

"Jumanne yenyewe."

"Mayai yapo. Nitapika za maji."

Nikashika usukani kwa mikono miwili na gari limesimama.

Akasema, "Huku pia wana shaabana, nimepika tangu juzi, watu thelathini. Lakini madam amenipa nusu saa kabla ya magharibi. Mlango mdogo wa nyuma. Uje na njaa."

Hakuniambia uje salama. Alisema uje na njaa. Niliendesha hizo kilomita kama kijana, na Kato anasema kila tuliposimama nilikuwa naimba. Hapo Kato hajaharibu.

Jumanne mchana tukalishwa sisi madereva kile chumba cha nje karibu na geti la mama yake madam. Tulikuwa sita. Wakaleta sinia ya wali na kondoo, wakaleta saliki, ule wali wao wa maziwa, laini kama uji, wakaleta mutabaki, hiyo ni chapati yao nyembamba imekunjwa na nyama na yai ndani, inakaangwa mpaka inalia. Kulikuwa na dereva mmoja Msudani, mkubwa kama kabati, akaniangalia akamwambia Kato, "Huyu mzee wenu si bora mumpe maziwa."

Kato akasema, "Mzee huyu amezeeka mpaka tumbo, muache."

Sasa wewe unanijua. Mtu aniambie nimezeeka miguu, nitakubali. Nikakunja mikono ya shati. Nikamwambia Msudani, hesabu. Mutabaki kumi na moja, Nekesa, na hizo ni mbali na kondoo. Msudani akaachia ya nane, akanishika mkono akaniita baba. Wote wakapiga makofi, mpishi akaja kuchungulia. Ilikuwa siku ya ushujaa kweli.

Halafu alasiri ikafika, nikachukua funguo nikaenda. Nyumba ya mama yako ilikuwa dakika ishirini kwa gari. Nikaegesha kando ya ukuta, nikagonga ule mlango mdogo wa chuma, akafungua. Miaka miwili ya "Nina kazi." Alikuwa amekonda usoni, ana unga kwa kiwiko, ananuka samli. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Umenenepa."

"Ni shati."

"Shati limekula kondoo?"

Nikacheka, na yeye mdomo ukaanza kusogea upande, ile yake unaijua. Akatoa karatasi ya fedha kwa mfuko wa aproni, ndani kuna ile ya kwanza, imeraruka vipande vitatu, bado ya moto. Akasema, "Kula yote." Nikaweka mdomoni na macho yakatoka machozi, ilikuwa chumvi tupu. Badala ya sukari alitia chumvi, vijiko viwili, kwa makusudi. Nikatafuna nikiwa wima mbele yake, Rozi akichungulia kwa ukuta wa pili, nikameza kipande baada ya kipande. Mama yako akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Halas, imeisha, Baba Nekesa. Webuye imerudi mahali pake." Wakaadhini, akaingia ndani akafunga.

Hivyo ndivyo nilivyokuambia, na hivyo ndivyo unavyoijua.

Wiki ya tatu ya Kwaresima akaanguka jikoni. Presha. Hakuwa amemwambia mtu, hata mimi hakuniambia. Madam wake alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, na ndiye aliyenipigia. Alikuwa analia, na alijua Kiarabu changu ni cha kuokota, akatafuta neno ambalo nitalielewa. Akasema, "Selina mafi." Selina hayuko. Hilo neno mafi nimelitumia miaka mingi kwa kila kitu, mafi petroli, mafi maji, mafi shida. Sasa silisemi tena. Kato ananiuliza kama kuna sukari, natikisa kichwa.

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilikuwa kwa kafili, yaani bosi aliyenidhamini, inasubiri kufanywa upya, sikuweza kusafiri. Mazishi ya mama yako niliyaangalia kwa simu, nimeiegemeza kwa usukani chini ya jengo moja la Olaya, madam akiwa juu. Niliwaona wajomba zako wakisimama mmoja mmoja. Mkubwa akasema, "Huyu mtu alimdanganya dada yetu, akamwacha afe na uchungu wake." Mimi nikainua mkono kana kwamba wananiona.

Halafu wewe ukasimama. Ulikuwa umevaa sweta langu la zamani. Ukasema, "Mjomba, walipatana. Jumanne kabla ya Majivu Mama alimpikia ile ya kwanza na Baba akaila. Mama alitia chumvi." Watu wakacheka wakiwa wanalia. Mjomba wako mkubwa akakaa chini. Alikaa pole pole, kama mtu ambaye ametolewa mzigo mabegani na hakuwa ameuomba utolewe. Shangazi yako ananiambia hata siku hizi wananitaja vizuri.

Tangu hapo umekuwa wewe tu ndiye unanipigia. Kila Jumapili, bila kukosa. Najua wengine wananipokelea simu kwa sababu yako.

Sasa wacha nikuambie hali yangu, usije kuisikia kwa Kato. Kafili amesema umri umepita, ikama haifanywi tena, mwezi ujao nafunga mizigo. Nitarudi Bungoma, na wewe utakuwa Jeddah. Tutapishana hewani kama watu wasiojuana. Nitafungua ile nyumba na hakutakuwa na mtu ndani. Nimejaribu kuifanya hiyo iwe ya kuchekesha, nimejaribu kwa Kato, imekataa.

Kama kuna kitu nakuomba ni kimoja. Ukifika huko usinipigie ukaniambia ni kuzuri. Niambie kama chumba walichokupa kina dirisha. Niambie unalala saa ngapi, na kama wanakuita kwa jina lako. Ikiwa ni kubaya sema kubaya, hata kama mimi siwezi kufanya kitu, na sitaweza. Mimi na mama yako tulikaa miaka miwili kila mtu anamwambia mwenzake niko sawa. Yeye kichwa kinamuuma mpaka anashika meza, mimi nahesabu siku kwa kalenda ya benki iliyo ukutani, tunasema tuko sawa, tunaulizana ng'ombe wako aje. Tulikuwa hodari sana. Na usiogope kunifanya nikose usingizi. Nishakosa.

Na ukikasirika na mtu, mwambie siku hiyo. Hata akiwa madam. Hata nikiwa mimi, na hivi karibuni nitakuwa mimi.

Nilitaka kufungia hapo. Nimesoma kutoka juu na inakaa vizuri, ungeiweka kwa simu ukaenda nayo, na Rozi akianza yake ungemwambia, Baba ameshanieleza. Lakini Rozi hatanyamaza, na uso wake ukiuona utajua. Afadhali uniache mimi mwenyewe niseme.

Nilikula mutabaki kumi na moja, hiyo ni kweli. Kondoo ni kweli. Msudani alinishika mkono, ni kweli. Alasiri ilipofika nilikuwa siwezi kuinama kufunga kiatu. Funguo zilikuwa mfukoni, ruhusa nilikuwa nayo, ni dakika ishirini tu. Nikawaza, nikienda hivi na nishindwe kumaliza ile chapati mbele yake, itakuwa mbaya zaidi. Nikawaza nipumzike kidogo. Msudani alikuwa ananiambia nirudie ile stori yangu ya bosi na ngamia. Nikarudia. Walicheka sana, na mimi nikichekewa huwa sioni saa.

Nikamtumia sauti kwa simu. Nilisema, "Mama Nekesa, leo nimeshiba mpaka shingoni. Niwekee, nitakuja kesho." Nyuma yangu wanacheka, lazima alisikia.

Akanijibu. Hakuwa na hasira, alijibu kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya soko. Alisema, "Kesho ni Majivu."

Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yaliyo na maana. Baadaye ilikuwa wewe na ng'ombe tena, wiki mbili na kidogo. Jumatano alfajiri madam alitaka tuanze safari ya kurudi Riyadh kabla ya jua kali, tukatoka. Barabara yetu inapita karibu na mtaa wa mama yako, nikauona ule msikiti wao. Madam alikuwa amelala nyuma na watoto. Ningeweza kusema gari lina shida, mimi ambaye nina uongo wa kila aina. Sikupata hata mmoja.

Rozi atakuambia mama yako alisimama kwa ule mlango mdogo na karatasi ya fedha mkononi mpaka wakaadhini. Mwamini. Yeye alikuwa hapo, mimi sikuwa. Ile habari ya kondoo na shati hatukuongea. Sikumwona uso wake, Nekesa, alikonda au hakukonda sijui, mara ya mwisho nilimwona nikiwa likizo na wewe ulikuwa kidato cha pili. Na ulisimama mbele ya ukoo ukaapa kwa ajili yangu, na mimi kwa simu nikakuacha uape.

Ukitaka kuwaambia wajomba zako, waambie. Sitabisha. Ukiacha kunipigia Jumapili, nitaelewa pia.

Na ile chumvi niliitunga mwenyewe, siku ya nne baada ya mama yako kufa, kabla ya mazishi, nikiosha gari la madam, kwa sababu ulikuwa umeniuliza chapati yenyewe ilikuwa na ladha gani.

Baba yako,
Wanyonyi